Ukuta Hautungi Sheria

Galu, Diani

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Na mama, kifua kimetulia? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Ningepiga simu, lakini ungenikatiza kabla sijafika nusu, kwa hivyo leo utanisoma mpaka mwisho.

Ile friza niliyoinunua Ukunda, ya kuhifadhia samaki wa kibanda changu cha chakula, ilizima siku ya tatu. Samaki wote waliharibika, na wafanyakazi wa hoteli wanaokula kwangu wakaanza kuhamia kwa mwingine. Fundi alipoifungua, kumbe mota ni kuukuu, imepakwa rangi tu. Na mimi niliuziwa mpya! Kosa langu moja, nawe unajua lilikotoka: sikudai risiti. Yule muuzaji aliapa Wallahi, na wewe ulinifunza kwamba kumtaka karatasi mtu aliyeapa ni kumwita mwongo. Nikaona haya.

Nilimrudia. Akanyoosha kidole ukutani: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI.

"Dada, kwani hujui kusoma?"

"Najua," nikamwambia. "Lakini ukuta wako hautungi sheria."

Maana afisa wa biashara alikuja sokoni kutuelimisha sisi kinamama: kitu kibovu kikiuzwa kama kizima, muuzaji atawajibika, hata aandike nini ukutani. Na ujumbe wa malipo ulikuwa bado umo kwenye simu yangu. Muuzaji akacheka. Basi nikaipakia friza kwenye mkokoteni, nikaishusha mlangoni pake, nikakaa juu yake. Kila mteja aliyefika nilimsimulia. Niliogopa, baba, sikufichi, lakini sikuinuka. Kabla ya adhuhuri alinitolea nyingine, mpya kweli, pamoja na risiti na dhamana ya mwaka mzima.

Mwenye duka la jirani, mzee asiyeuza vitu vikuukuu vilivyopakwa rangi, alikuja kunishukuru. "Huyu alikuwa akiniulia biashara, mwanangu. Wateja walikimbilia bei yake ya chini." Sasa wote wawili wanaandika risiti bila kuombwa, na kinamama waliokuwa wakivuka feri kwenda kununua Mombasa wananunua hapahapa Ukunda.

Sasa nafika kwako. Lile bango la dukani pako, lenye maneno yaleyale, nililiandika mimi kwa rangi nyekundu nikiwa darasa la saba. Siku jirani yetu mjane aliporudisha tochi isiyowaka, ulimwonyesha bango hilo, nami nikajivunia mwandiko wangu. Leo nikikumbuka naona aibu.

Nisalimie mama, shangazi muuza mihogo, na ami anayeswalisha pale msikiti mdogo. Yule mjane mpe kwanza tochi nzima, ndipo umpe salamu zangu.

Bango lishushe kabla sijaja Idi. Nikilikuta bado lipo, baba, nitakaa mlangoni pako vilevile, na wateja wako wote wananijua.

Nakupenda.

Binti yako,
Mwanasiti