Kilo Tatu Zilizogoma

Jumatatu, 3 Machi

83.2. Wiki ya sita. Nimeshuka kwenye mizani, nimepanda tena. Nimevua hereni. 83.2.

Nilianza na 97 mwezi wa nane mwaka jana. Mwanzoni zilikuwa zinaporomoka tu, kila wiki nusu kilo, wiki nyingine kilo na ushee. Kisha zikafika hapa zikakaa, kama mgeni aliyeonyeshwa kiti. Daktari wa figo alisema themanini. Juu ya themanini hanipasui. Hatari, eti, na hatari yenyewe ni yangu, si ya mdogo wangu. Hatari ya mdogo wangu haihitaji mizani. Mara tatu kwa wiki anaunganishwa na mashine inayomsafisha damu, anarudi nyumbani rangi ya majivu. Figo yangu inamfaa. Walipima kila kitu wakasema tumefanana ajabu. Kilichobaki ni mafuta yangu tu.

Asubuhi: yai moja, chai kavu bila sukari. Nimetembea kwenda kazini, saa nzima. Mchana: maharage kidogo, mboga. Nakula kama ndege. Ndege wa kilo 83.2.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Muuguzi wa mizani ni binti mwembamba anayeandika namba bila kumtazama mwenye namba. Leo amesema mwili wangu umezoea. Mwili ukizoea chakula kidogo nao unabana matumizi, hautoi kitu. Akaniuliza kama kuna ninachokula nisichokiandika. Nikasema hapana. Akauliza kama bado natembea. Nikasema kila asubuhi, saa nzima. Akaandika. Dawa yake: subira.

Wifi yangu alikuwa ananingoja kwenye benchi. Mke wa mdogo wangu ni mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Kila siku saa moja asubuhi ananitumia ujumbe: habari za asubuhi wifi, umeamkaje? Maana yake: kilo ngapi? Nami najibu: nimeamka salama. Maana yake: zilezile. Leo hakuuliza. Alinitazama usoni, akasema tutafika. Halafu akatoa tufaha kwenye mkoba, akanipa. Nimelila lote, mpaka mbegu.

Jumapili, 9 Machi

Kwa Mama. Kapika kama kawaida yake, maana kwake upendo unapimwa kwa sufuria. Mdogo wangu haruhusiwi maji kupita vikombe vitatu kwa siku. Mimi siruhusiwi chochote chenye ladha. Tukakaa mwisho wa meza, yeye anatazama jagi, mimi natazama wali. Mama akasema Mungu alimpa watoto wawili tu na wote wawili wamefungiwa mlo. Mdogo wangu akacheka mpaka akakohoa.

Amekonda mno. Utotoni aliniita Gunia, nami nikimwita Kijiti, na Mama akitucharaza wote. Sasa hakuna anayethubutu kumwita Kijiti. Gunia bado naitwa.

Yeye ni fundi viatu, ana kibanda nyuma ya soko. Siku asizokwenda mashineni anafungua, hata kama ni kwa saa mbili. Leo ameona viatu vyangu vya kutembelea mlangoni, akasema nimwachie aviangalie visigino, kwa kuwa lazima vimeisha kwa mwendo ninaovipa. Nimerudi nyumbani na kandambili za Mama.

Jumatatu, 10 Machi

83.2. Nimetembea. Kwa kandambili!

Jumamosi, 15 Machi

Nimepita kibandani kuchukua viatu. Hakukuwa na mteja. Alikuwa navyo mapajani, anavigeuza juu chini kama daktari aliyeshika picha ya eksirei. Hakuwa amebadilisha kitu. Nikadhani amechoka, nikamwambia aache tu, nitavipeleka kwa fundi mwingine.

"Dada," akasema, "visigino hivi havijaliwa. Mtu akitembea saa nzima kila siku, miezi miwili mitatu upande wa nje unaisha. Vyako vizima."

Nikaanza kueleza. Njia ni ya mchanga. Mimi nakanyaga taratibu. Viatu vya siku hizi vina mpira mgumu. Alinisikiliza hadi mwisho, vilevile anavyowasikiliza wateja wanaoapa kwamba soli ilibanduka yenyewe. Kisha akavipaka rangi, akavizungushia gazeti, akanipa.

"Kama unaogopa niambie mimi," akasema. "Mizani usiisumbue."

Nimerudi kwa basi.

Jumapili, 16 Machi

Haya, niseme.

Natembea mpaka kona ya duka la dawa. Dakika sita. Halafu napanda basi. Tangu mwezi wa kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Yangu ni dakika kumi na mbili, ukipata kiti.

Hata humu nimeandika "nimetembea". Daftari linakaa chini ya mashuka, hakuna anayelisoma, wala hakuna anayejua kama lipo. Sasa nilikuwa namdanganya nani? Nimerudi kurasa za nyuma nikahesabu "nimetembea" zote. Ziko thelathini na nne. Mwandiko mzuri kabisa, wa mtu anayejiamini.

Na kwa nini mwezi wa kwanza? Kwa sababu ndipo nilipofika 84, na daktari, kwa furaha yake, akatoa mwanasesere wa plastiki akanionyesha pa kukata. Kuanzia hapa mpaka hapa, akachora kwa kidole. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Wiki ile ile nikagundua kwamba basi linapita karibu sana na nyumbani kwetu.

Jumanne, 18 Machi

Nimetembea. Kweli. Saa moja na dakika kumi, malengelenge mawili.

Nikaona kwa kuwa nimeshaanza ukweli, niumalizie. Miaka kumi na tisa nipo jikoni, sasa ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha nyuzi, walaji mia tatu. Leo nimeweka karatasi kwenye mfuko wa aproni, nikawa nachora mstari kila kinapoingia kitu mdomoni. Si kula. Kuonja. Mpishi akionja hajala, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyowafundisha wengine. Uji wa zamu ya asubuhi. Mchuzi, chumvi imetosha? Mchuzi tena. Wali umeiva? Maharage ya sufuria ya kwanza, ya pili, ya tatu — ya tatu mara mbili, kwa kuwa ilikuwa tamu. Nami sionji kwa kijiko cha chai. Naonja kwa upawa.

Saa nane mchana nimehesabu: mistari arobaini na saba. Baada ya hapo nikaketi, nikala "mlo" wangu wa ndege.

Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba chenyewe ni mimi.

Muuguzi aliniuliza kama kuna nisichokiandika. Sikumdanganya, nilijisahau. Au nilijisahaulisha. Jikoni mtu anajua tofauti ya maziwa yaliyomwagika na yaliyomwagwa.

Alhamisi, 20 Machi

Kazi ya kuonja nimemkabidhi msaidizi wangu. Tunamwita Mama Chumvi, na jina halikudondoka kutoka mbinguni. Miaka yote hii sijamruhusu kuugusa mchuzi wa walaji dakika ya mwisho. Leo nimempa upawa mbele ya wote. Akafunga kilemba upya, akaonja, akafumba macho, akaongeza. Nami nimesimama mikono nyuma, nanusa tu. Kunusa hakuna kilo, natumaini.

Mchana walaji wamemaliza mapipa mawili ya maji. Msimamizi wa zamu akaja mlangoni kuniuliza, kwa adabu, kama siku hizi tunapika au tunakausha samaki.

Jumatano, 26 Machi

82.1.

Muuguzi akaigonga mizani kwa kidole, akanipandisha tena. 82.1! Kwa mara ya kwanza akanitazama. Akauliza nimefanya nini. Nikamwambia nimeacha uongo. Akaandika: ameongeza mazoezi.

Wifi amelia kwenye simu. Mama amepika kunipongeza. Mume wangu kasema hongera mama, umejitahidi, kisha akauliza taratibu kwa nini chakula cha nyumbani siku hizi hakina chumvi hata ya dawa. Nyumbani pia nimeacha kuonja, na nyumbani hatuna Mama Chumvi. Nimemwambia avumilie, anasaidia kuokoa maisha. Amekubali. Amekwenda dukani kununua achari ya chupa.

Kiwandani kuna barua ya malalamiko. Sahihi arobaini. Mama Chumvi ameisoma, akasema watu wa siku hizi wana ndimi laini.

Jumatatu, 7 Aprili

81.0. Sasa zinashuka kama zimesikia kuna mahali zinahitajika. Kila mtu anafurahi isipokuwa mimi.

Nimeelewa kitu leo njiani, pale penye kilima. Ile 83.2 ilikuwa ukuta, na mimi nilikuwa nyuma yake, nimeuegemea. Watu walinipa pole. Maskini, anajitahidi, mwili ndio mkaidi. Nani angenilaumu? Mdogo wangu angekufa na mimi ningelia kuliko wote, na wote wangesema alijaribu. Sasa naubomoa ukuta huo kila asubuhi kwa miguu yangu mwenyewe.

Jioni nimempelekea viatu. Upande wa nje umeanza kulika. Akapitisha kidole, akapigilia vipande vya mpira. Nikamwambia naogopa. Hivyo hivyo tu, bila utangulizi. Akasema anajua, ameniogopea tangu mwaka jana. Yeye naye anaogopa, kasema, na si kufa, hilo ameshaanza kulizoea. Anachoogopa ni mimi nifie kwenye meza ya upasuaji, halafu yeye apone, awe anakojoa kwa figo yangu kila asubuhi huku ananikumbuka.

Tumecheka vibaya sana. Akaja mteja na kiatu kimoja mkononi, tukanyamaza kama watu wenye heshima zao.

Alhamisi, 17 Aprili

79.8.

Chini ya themanini.

Jumanne, 22 Aprili

79.6. Leo daftari nimelibeba mkobani, naandika hapa hapa hospitali, kwenye chumba kidogo chenye dirisha la kioo linalotazama ukumbini.

Leo wametaka kuniona peke yangu. Si daktari, mshauri — mama wa makamo, miwani ina kamba shingoni. Ameniuliza nani aliniomba nitoe figo. Nikasema hakuna. Nilijitolea mwenyewe, siku ile majibu yalipotoka, tulikuwa mezani kwa Mama na kimya kilikuwa kirefu. Akaandika. Akauliza kama nimewahi kutamani kusema hapana. Nikatazama feni. Akaniacha niitazame. Halafu akafunga jalada.

"Mama, nisikilize vizuri," akasema. "Ukitaka kuacha, hata leo, tutawaambia ndugu zako kwamba vipimo havikuruhusu. Hatutasema zaidi ya hapo. Hakuna atakayejua, wala mdogo wako."

Nikamwuliza utaratibu huo umeanza lini.

Akasema upo siku zote, wanafanyiwa watu wote. Hata kwenye karatasi ya maelezo niliyopewa siku ya kwanza upo, ukurasa wa tatu.

Ukurasa wa tatu! Nimeacha sukari. Nimeacha mkate. Nimekausha makoo ya watu mia tatu. Nimedandia mabasi kwa kificho kama mtoro wa shule, nimejificha nyuma ya kilo tatu kwa wiki nane — na mlango wa kutokea ulikuwa ukurasa wa tatu, wazi, bawaba zimetiwa mafuta. Nilicheka. Mshauri akadhani nalia, akanisogezea karatasi laini. Inawezekana alikuwa sahihi.

Ameniachia fomu ya ridhaa na dakika kumi. Ametoka, akafunga mlango.

Nawaona kwa kioo. Mdogo wangu amelala akiwa ameketi, mdomo wazi, kichwa begani kwa mkewe. Jana alikuwa mashineni. Soksi zake hazifanani. Wifi ameinua macho, tukakutana, naye akageuka upesi kutazama ukuta, asije akanisukuma kwa macho. Sidhani kama kabla ya leo nimewahi kumpenda mtu kwa kutonitazama.

Sasa fomu. Nimeisoma yote, kurasa nne, safari hii kila neno. Hawaulizi uzito popote. Nimejaza kwa kalamu yao: jina. Umri. Uhusiano na mgonjwa: dada. Kinachofuata ni sahihi.

Kalamu imekataa. Nimeikung'uta, nimeipulizia, nimechora miduara pembeni mwa karatasi. Imekauka. Mtu anayetafuta sababu angekuwa ameipata hapa. Angetulia zake, asubiri mshauri arudi, aombe nyingine, wakaitafute, dakika kumi ziwe ishirini, daktari aitwe kwingine, waseme basi, wiki ijayo.

Lakini hii ninayoandikia humu inatoa wino vizuri tu. Ngoja niiazime kidogo —