Mtoto wa Kwenye Ripoti

Jumatatu, 3 Machi

Kazi mpya ya chuo: mchunguze mtoto mmoja wiki nzima, andika ripoti. Anavyocheza, anavyoongea, anavyoshika penseli. Darasa zima likanigeukia. Mwanaume pekee kwenye kozi ya ualimu wa chekechea, tena baba! Wasichana wakasema mimi nimeshamaliza, mtoto si ninaye nyumbani.

Ninaye kweli. Asubuhi naondoka kupiga rangi magari gerejini, yeye amelala. Jioni niko darasani nasomea malezi. Nikirudi, amelala. Kuhusu kukoroma kwake naweza kuandika kurasa kumi.

Mama yake kahamishiwa kazi mji mwingine, huja mwisho wa mwezi. Anayemlea ni dada yangu. Mshika mbili moja humponyoka — mimi nimeshika tatu, najiona hodari!

Jumamosi, 8 Machi

Sijachunguza kitu. Fundi mkuu katubakiza kazini hadi jioni kwa gari la mteja mwenye kelele. Nikampigia dada simu, nikamwuliza mtoto siku hizi anafanya nini. Akajibu, "Anakua." Akakata.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika ripoti kutwa. Mtoto anagonga mlango. Nikamwambia asinisumbue, naandika habari zake.

Imetoka tamu. Nimepiga chuku kidogo tu: hugawana vitu na wenzake, halii akishindwa, hushika penseli barabara kwa mkono wa kulia. Mtoto wa kwenye ripoti hana hata kamasi.

Jumatano, 12 Machi

Nimeongoza darasa! Mhadhiri akaisoma kwa sauti, wasichana wakanong'ona, "Huyu ndiye baba wa kuigwa." Nikainamisha kichwa kinyenyekevu. Kuinamisha najua sana.

Kisha akasema Jumanne nimlete mtoto, darasa limwone. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akatukumbusha kwamba ripoti ya kubuni adhabu yake ni kufukuzwa chuo. Maji yamenifika shingoni.

Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda na mtoto. Swali lake la kwanza: "Baba, unaumwa?"

Nikampa penseli achore. Akaishika kwa kushoto.

Kushoto! Nikamhamishia kulia. Akairudisha. Nikahamisha tena. Miaka minne namwita wangu, mkono wake siujui. Niliona aibu, halafu nikafanya la aibu zaidi: nikamwahidi biskuti, pakiti nzima, Jumanne akichora kwa kulia, kama nilivyoandika kwenye ripoti.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. "Kosa uandike wewe, anyooshwe mtoto? Na bado unataka kupewa watoto wa watu!" Nikamwambia mambo ya chuo hayaelewi. Akaguna tu, akaenda zake.

Jumanne, 18 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya darasa.

Mtoto alianza kuchora vizuri. Kwa kulia, kama tulivyopatana. Ila duara likatoka kama kiazi, penseli ikawa inamponyoka. Wasichana wakaacha kuchekacheka. Mhadhiri akamwuliza kwa upole kama amechoka. Akatikisa kichwa. Akanigeukia mbele ya watu wote: "Baba, sasa naruhusiwa kutumia mkono wangu?"

Nikatabasamu kama mjinga. Nikasema ndiyo mwanangu, tumia. Akahamisha penseli, akachora paka mzuri ajabu, na masharubu yake. Nilitaka kulia. Nikaona na fahari pia, Mungu anisamehe — fahari ya fundi aliyekuta gari limeshapigwa rangi na mwenzake.

Mhadhiri akanitoa nje. Anataka kumwuliza mtoto mambo mawili matatu bila mimi. Kwenye kioo cha mlango namwona amekalia kiti cha mwalimu, miguu inaning'inia, anaongea. Anaongea sana! Mimi hajawahi kuniongelesha hivyo.

Sijui kama mtoto wangu anaweza kusema uongo. Hilo nalo sikulichunguza.