Kikombe cha Binti Mfaransa

Zaina mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Huku Biryogo tu wazima, isipokuwa goti langu linalonuna mvua ikikaribia. Shangazi yako kapata cherehani mpya, hata salamu haitikii.

Umelisoma huko chuoni lile daftari la binti Mfaransa nililokupa, sasa unauliza: "mtoto mlafi wa fundi" ni nani? Ni mimi.

Enzi za Wabelgiji, mama wa binti huyo alikuja naye kuleta nguo kwa baba yangu, fundi cherehani. Nilimtengea binti chai. Nikaionja kwanza, kama tunavyoonja kinywaji cha mgeni ili asihofu sumu, kisha nikampa kwa mikono miwili. Akanitazama, akafuta kikombe kwa leso, akanywa yote. Akaandika. Daftari akalisahau mezani, na hawakurudi tena.

Nilipojua Kifaransa nikalisoma, nikakasirika wiki nzima. Mlafi, mimi! Mpaka nikakumbuka nilivyomwambia mama jioni ile: "Yule mtoto ana kiburi, amefuta kikombe."

Chai yenyewe aliionaje? Hakuandika, nami sikumuuliza.

Tofauti yetu ni moja tu: mimi sikuwa na daftari.

Bibi yako