Mwanangu Aliniambia, Nikanyamaza

Jumapili, mwezi wa tatu, 2008. Houston

Manyunyu tangu alfajiri, na ule unyevu wa huku unaokufanya uhisi umevaa nguo ambazo hazijakauka. Nimekaa sebuleni, ghorofa ya pili, hapa Sharpstown. Jirani wa chini anakaanga vitunguu. Kompyuta nimeishika tangu saa kumi jioni, naandika nafuta, naandika nafuta. Mnaonisoma mmezoea niwaletee vituko vya shuleni mcheke. Leo sina kituko.

Upendo amepigwa risasi. Yuko hai.

Nimeanza na hilo la kuwa hai kwa sababu mwenyewe nimekuwa nikijiambia hivyo tangu Alhamisi, nikiwa jikoni, nikiwa bafuni. Upendo ana miaka minane. Ni mtoto wa rafiki yangu, Mama Upendo, Mtanzania mwenzangu, nesi, anakaa Pearland, nje kidogo ya Houston. Alhamisi jioni mtoto alishika bastola ya wazazi wake chumbani ikafyatuka, risasi ikamwingia gotini. Amepasuliwa mara mbili. Madaktari wanasema atatembea, ila si kama alivyokuwa akitembea.

Na mimi nilijua bastola ilipo. Wiki tatu nzima nilijua.

Ngoja nieleze kazi yangu, maana hapo ndipo panaponiuma. Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi ya serikali hapa jirani. Mwaka huu tumeanza kuwafundisha watoto habari za silaha za moto. Mkuu wa shule alitafuta wa kulibeba hilo somo, wenzangu wakaangalia viatu vyao, nikanyoosha mkono mimi. Mambo yenyewe ni manne: ukiona bunduki, simama. Usiiguse. Ondoka. Mwambie mtu mzima. Watoto wanayasema kwa vitendo. Kwenye "ondoka" wanakimbilia mlangoni, kwenye "mwambie mtu mzima" wote wananinyooshea kidole mimi. Nilibuni mwenyewe hicho cha kidole, na nilijiona hodari kweli. Binti yangu Zawadi, mwenye miaka tisa, yumo humo humo darasani, na anakinyoosha kuliko wote.

Kisha ikaja zamu ya wazazi, Jumamosi moja mwezi wa pili. Familia za Kikongo zimejaa kwenye apatimenti za hapa kwetu, Kiingereza bado kinawapiga chenga, kwa hiyo nikaombwa niwafundishe kwa Kiswahili. Nikasimama mbele yao. Nikawaambia, jamani, kabla hujampeleka mtoto kwenye nyumba ya watu, uliza: mna silaha humu ndani? Imefungiwa kwa kufuli? Baba mmoja wa Kikongo, mpole tu, anafanya kazi ghalani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, ukiuliza mutu vile mu nyumba yake, atakupatia kiti tena?"

Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikajifanya mkali, nikawaambia kiti si kitu, mtoto ndiye kitu.

Sasa sikilizeni. Wakati nasema maneno hayo, Zawadi alikuwa Pearland, kwa Mama Upendo. Nilimwacha asubuhi ili niwahi kufundisha. Na sikuuliza. Nilibisha hodi, nikakaribishwa chai, nikasema nina haraka, nikambusu mwanangu nikaondoka. Kuuliza hakukunijia hata akilini. Yule ni Mama Upendo! Nilipoachana na baba Zawadi, huyo mama alinipa chumba kwake miezi mitano, akanipikia, akanisikiliza nikilia, hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Mtu kama huyo unamuulizaje ameficha nini ndani ya nyumba yake?

Jioni nilimfuata Zawadi. Tulipoingia tu garini akaniambia. Kwa Kiingereza, kama kawaida yake, mimi nauliza kwa Kiswahili yeye anajibu kwa Kiingereza. Alisema walikuwa wanacheza kimama, wakijifanya akina mama, Upendo akafungua sanduku la mama yake lililo chini ya kitanda ili watoe kanga. Chini ya kanga kulikuwa na bastola. Akasema hakuigusa, alimvuta Upendo mkono wakatoka chumbani, na sasa ananiambia mimi.

Aliyafuata yote manne. Kwa mpangilio.

Nikamwambia amefanya vizuri sana, mwanangu mwenye akili. Nikapita nikamnunulia viazi vya kukaanga. Yeye akala, akasinzia, kwake mambo yakawa yameisha. Alikuwa amemwambia mtu mzima.

Mimi sikumwambia mtu.

Nataka kuwa mkweli hapa, japo ukweli wenyewe unanitia aibu. Si kwamba nilisahau. Siku ya pili nilimpigia Mama Upendo nikiwa nimejipanga kabisa, nikaishia kuzungumzia bei ya tikiti za kwenda nyumbani. Wiki iliyofuata tulikutana kwenye kikao cha harusi, nikamvuta pembeni, nikamsifia gauni. Kila nikifungua mdomo nasikia atakachosikia yeye: Zawadi ni mpekuzi, anaingia vyumbani kwa watu na kupekua masanduku. Au atasikia: wewe nesi mzima hujui kulea. Na mimi ni nani nimwambie hivyo, niliyekula ugali wake miezi mitano? Nikajiambia ana akili zake. Nikajiambia mumewe dereva wa lori hayupo nyumbani nusu ya mwezi, waliibiwa mwaka jana, ana haki ya kuogopa. Nikajiambia nitamwambia tukitulia. Mganga hajigangi, ndiyo mimi huyo.

Na lile sanduku nalielewa mno, hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Hata mama yangu alikuwa na lake. Kwetu kitu cha maana hukifungii, unakificha. Dhahabu, vyeti, pesa ya dharura, vyote chini ya kanga, na sisi watoto tulipita pembeni ya lile sanduku kwa adabu, hatukuthubutu hata kulikalia. Mama Upendo hakufanya uzembe. Aliiweka bastola mahali ambapo kwa malezi aliyolelewa yeye hakuna mtoto angegusa. Ila Upendo amezaliwa hapa. Kwake lile ni sanduku la nguo za kuchezea.

Darasani ninalo hata bango linalosema kuficha si kufungia. Nimelibandika mwenyewe.

Ijumaa nilikwenda hospitali na Zawadi. Tulikuta akina mama kama sita, chupa za chai, chapati kwenye foili, mmoja anaongoza sala. Mama Upendo alikuwa bado na sare yake ya kazi, hajabadilisha tangu jana yake. Polisi walikwishamhoji, na watu wa ustawi wa watoto nao. Alikuwa anawaeleza wenzetu kwa sauti iliyokauka kwamba hakuna aliyejua kitu kile kilipo, ila yeye na mumewe. Akarudia. Hakuna aliyejua. Wanawake wakasema pole, wakasema ni ajali, wakasema shetani.

Zawadi aliniangalia. Aliniangalia tu, akingoja. Nikamtuma akachukue maji.

Jamani, nilimtuma akachukue maji. Usiku ule sikulala, na si huruma peke yake iliyoninyima usingizi. Niliogopa nitahojiwa na mimi. Niliogopa kazi yangu. Mtoto yuko kwenye mashine, na mimi nawazia kazi. Sikujua kama nina roho ya namna hiyo.

Leo asubuhi, badala ya kanisa, nilirudi. Zawadi nikamwacha kwenye viti vya korido na kitabu chake. Upendo alikuwa amelala, mguu umening'inizwa, mdogo mno kwenye kitanda kile. Mama yake alikuwa anamchana nywele taratibu kwa vidole. Tulikuwa peke yetu. Nikasema yote bila kukaa: sanduku, kanga, Zawadi garini, simu niliyopiga, gauni nililosifia.

Hakupiga kelele. Aliendelea kuchana nywele. Aliuliza kitu kimoja tu, ni lini Zawadi aliniambia. Nikamjibu ni ile Jumamosi ya semina, wiki tatu zilizopita. Akamvuta Upendo shuka hadi mabegani, nikadhani amemaliza na mimi.

"Ungeniambia ningekasirika," akasema. "Labda nisingekusemesha mwaka mzima. Lakini ningeihamisha, Mama Zawadi. Siku hiyo hiyo ningeihamisha."

Ningepiga magoti kama angenitukana. Nikasema nisamehe, akatikisa kichwa, sijui kukubali au kukataa, kisha akaniomba nimwache apumzike. Alisema "tafadhali". Miaka yote tuliyofahamiana hajawahi kunisemesha kwa tafadhali.

Nimewaza kuacha somo. Kesho ni zamu ya darasa la tatu, saa tatu na nusu asubuhi, watoto ishirini na wawili. Nilishaandika barua ya kumwambia mkuu wa shule atafute mwingine, halafu nikaifuta, maana kukimbia nako ni kunyamaza tu kwa namna nyingine. Nitakwenda kumweleza mkuu wa shule kabla ya kengele. Akinitoa, anitoe. Nisipotolewa nitaingia, na wazazi nitawaita tena, nimweleze yule baba wa Kikongo kwamba swali lake lilikuwa la kweli na mimi nilimjibu kijuujuu. Nitawaambia nilichokifanya. Wakinicheka, sawa. Wakinikimbia, sawa pia.

Hayo ya wakubwa naweza kuyabeba. Kuna moja siliwezi.

Tulipokuwa tunarudi kutoka hospitali Zawadi alikaa nyuma, mvua inapiga kioo. Nilijua alikuwa amesikia, mlango haukuwa umefungwa. Nilimwambia nimekosea, kwamba yeye alifanya kila kitu sawasawa na mimi ndiye niliyeharibu. Akaitikia. Tulipofika kwenye taa karibu na nyumbani akaniita, na mara hii aliongea Kiswahili, kile chake cha kukwamakwama, polepole ili nisije nikasema sikuelewa.

"Mama, nikiona tena, nimwambie nani?"

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi. Nikaendesha, nikaegesha, tukapanda ngazi, nikampikia wali akala, akaoga, sasa amelala chumbani kwake, na bado sijamjibu.