Koili Iliyopoa Njiani

Mzee Wafula,

Ni mimi Kiprono, uliyenifundisha ufundi miaka saba katika gereji ya Bwana hapa Eldoret. Najua barua haifiki huko uliko. Naandika hivyo hivyo, maana nikiongea peke yangu mbele ya injini watu watasema nimerukwa na akili, na nusu yao wameshaanza.

Miezi mitatu imepita tangu tukuzike. Mvua haikutunyima, ngano inakomaa. Benchi lako amepewa fundi kutoka Nakuru, anapiga mluzi kutwa nzima na spana zako hazirudishi mahali pake. Ungemchukia. Mimi najaribu kutomchukia.

Sasa sikia, Mzee. Lile gari la Bwana la mashindano ya mbio, ulisema kweli.

Unakumbuka tabia yake. Likitoka gereji linanguruma vizuri, likikaribia kituo cha Soy linakohoa, halafu linazimika. Tunalivuta kwa ng'ombe hadi mjini, nusu siku nzima, tunapima plagi, cheche inatoka ya buluu, safi kabisa. Bwana akasafisha kabureta. Akabadilisha plagi. Wewe ukasema ni koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, kwamba nyaya zake za ndani zinashindwa zikipata joto. "Hiyo gari usiulize asubuhi," uliniambia. "Ngoja ichoke, ndio uiulize." Lakini kila tulipoipima koili ilikuwa nzima, na Bwana akaamua wewe ndiye uliyevuruga pointi, vile vyuma vidogo vinavyokata na kuunga umeme. Akakufukuza. Kwenye barua yako ya kazi akaandika kwamba u mzembe, usikabidhiwe injini.

Gereji gani ingekuchukua na barua ile? Ukarudi kwenu kulima mahindi na kifua chako kile kibovu, na baridi ya Juni ikakumaliza.

Wiki iliyopita gari lilizimika tena pale pale, Bwana mwenyewe akiliendesha. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa joshoni kuogeshwa dawa ya kupe, ikabidi tungoje. Nikafungua boneti, nikaweka kiganja juu ya koili. Mzee, iliniunguza. Nikashika waya wa plagi karibu na chuma, yule wa Nakuru akazungusha hendeli, cheche ikatoka ya njano, nyembamba, ya kuhurumia. Likapita lori la mbao. Nikamwomba dereva atuazime koili yake kidogo. Alicheka, lakini alitupa. Injini ikawaka kwa mzunguko wa kwanza wa hendeli.

Kumbe zile saa za kuvutwa na ng'ombe ndizo zilizokuwa zikiipoza. Tulikuwa tukimfikisha mgonjwa kwa daktari akiwa ameshapona.

Bwana alikuwa kando, akitazama. Nikamwambia nataka aandike barua nyingine ya Wafula. Akasema mtu ameshakufa, barua ya nini.

"Watoto wake wako hai, Bwana," nilisema. "Na jina lake pia."

Ameandika jana, mistari minne: kosa lilikuwa koili, na fundi Wafula alilijua mapema. Hakuandika pole. Nimeichukua hivyo hivyo.

Jumapili nampelekea mkeo, Mama Nekesa. Nilidhani moyo wangu ungetulia sasa. Haujatulia, nawe unajua kwa nini.

Siku ile kabla hajakufukuza, Bwana aliniita ofisini, akaniuliza nani aligusa pointi za gari lile. Nikasema, "Sijui, Bwana." Nilijua. Ni mimi niliyezirekebisha asubuhi ile, tena sawasawa, wewe ukiwa unakunywa chai pale mlangoni. Niliogopa kukosa kazi. Neno moja tu lingetosha, na sikulisema. Nawe ulipokuwa unaondoka ulinipa mkono, ukaniambia nimsalimie mama yangu. Uliniona nikizirekebisha, Mzee. Ulijua, na hukunitaja.

Nisamehe. Sina neno lingine la maana kuliko hilo.

Ahadi yangu ni hii: nitamwambia Mama Nekesa jambo hilo kwanza, nikiwa nimesimama uani, kabla sijaitoa barua ya Bwana mfukoni. Akinikaribisha ndani, nitaingia. Akinifukuza, nitamwachia barua mlangoni nirudi Eldoret, na mwezi ujao nitakwenda tena.

Pumzika, Mzee wangu.

Fundi wako,
Kiprono