Mwambie Muhire Alishinda

Shemeji Wellars, huko Bukavu,

Sisi hapa Gisenyi tunapumua. Mvua imeozesha maharage ya mama kule Kanama, na Keza wetu ameota meno mawili. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nakuandikia.

Mdogo wako Muhire alipomshinda ulingoni Kasereka, yule bondia wa Goma, vijana walimbeba mabegani hadi nyumbani. Kesho yake habari zikaenea kwamba Kasereka alikuwa mwepesi kwa kilo tisa, na kwamba hakuna aliyewapima uzito kabla ya pambano. Nderemo zikageuka kicheko. Hadi leo waendesha pikipiki wakimwona wanapiga kelele, "Bingwa ya batoto!"

Hayo aliyavumilia. Lakini nawe ulimpigia simu ukacheka: "We ulipiga mutoto, bwana." Tangu hapo hali chakula changu.

Sasa amekubali kupigana Jumamosi na mtu mnene anayemzidi kilo ishirini. Jicho lake la kushoto lina ukungu, na daktari amemkataza ngumi kabisa. Jana alimimina chai nje ya kikombe, nami nikapangusa meza. Nilipompigia magoti aache pambano hilo, akasema, "Béata, nikianguka mbele ya mukubwa, watasema nilikuwa mwanaume."

Shemeji, maneno yangu hayasikii tena. Wewe ndiye uliyemfundisha kukunja ngumi. Mpigie kabla ya Jumamosi, umwambie kwamba siku ile alishinda. Hata kama huamini, mwambie.

Ni mimi, mke wa mdogo wako,
Béata