Kofia ya Rangi Mbili

Biryogo, Kigali
14 Mei 1992

Dada yangu mpenzi Yasmina,

Asalaam aleikum. Natumaini Bukoba kumewaamsha salama, wewe, shemeji na watoto. Huku tu wazima. Mama naye anapata nafuu, nitakueleza.

Tangu vyama viwe vingi, cherehani yangu haipumziki. Asubuhi nashona kofia za chama cha kijani, mchana za chama cha bluu. Vichwa navipima kwa utepe uleule, lakini kikishavaa kofia, kichwa hakina swali tena.

Mwezi wa tatu konseye, yaani diwani wa mtaa wetu, alituita tuamue robine, bomba la maji la mtaa, ikae wapi. Mukagasana, yule mjane muuza mkaa, akasimama kichwa wazi. Akasema iwekwe juu, karibu na msikiti, maana chini mvua hushusha uchafu wa vyoo vyote. Kabla hajamaliza, wakamuuliza yeye ni wa chama gani. Akajibu kwamba ni wa chama cha ndoo. Tukacheka mpaka akaketi.

Mara akainuka mwalimu Cyriaque, kofia ya kijani, akasema maneno yaleyale, ila kwa Kifaransa kidogo katikati. Kijani wakapiga makofi, wakamwita profesa. Basi bluu wangefanyaje? Wakasema hata maji yakigoma, robine itakaa chini. Mmoja akaongeza kwamba uchafu wa vyoo ni uzushi wa kijani.

Mikono ikahesabiwa: juu thelathini, chini thelathini na mmoja.

Mvua za mwezi wa nne zikaja, uchafu ukashukia robine. Mama akaharisha siku tisa, tukadhani tunampoteza. Nilimwambia ni maharage.

Dada, sasa lile lililonishikisha kalamu. Mkono ulioinuka mwisho, ule wa thelathini na moja, ni wangu. Nilijua Mukagasana anasema kweli. Vyoo vile navijua, kimoja ni chetu. Lakini bluu walinipa kiti cha mbele, na kofia yao ilikuwa kichwani. Nikaona aibu kuacha mkono mapajani.

Mukagasana humletea mama maji yaliyochemshwa kila siku, wala hajanilaumu. Jana aliniagiza kofia: nusu kijani, nusu bluu. Nikamuuliza ataivaa wapi. Akasema Jumapili konseye anatuita tena kuhusu robine, na safari hii anataka amalize sentensi.

Nimeishona. Upande wa bluu nimeukata kwenye kofia yangu.

Mama akikuandikia habari za maharage, mwitikie tu. Jumapili nitamwambia mwenyewe, nikitoka mkutanoni. Msalimie shemeji, na watoto wakumbatie kwa niaba yangu.

Ndimi mdogo wako,
Usumani, fundi cherehani